Ile CD yako ya Bill Withers

Morogoro,
Jumapili jioni

Swahiba Hamisi,

Salamu sana. Sisi huku wazima, ila mvua imetufungia ndani tangu juzi, na ndiyo iliyozaa barua hii.

Unaikumbuka ile CD ya Bill Withers, yule mwimbaji wa Marekani, uliyoniachia ulipohamia Tanga, mkusanyo wa nyimbo zake zilizopendwa, uliotoka 1981? Kwangu ilikuwa CD ya nyimbo mbili. Nasikiliza "Ain't No Sunshine", naruka hadi "Lean on Me", nazima. Jana umeme uliporudi nikaiacha ijiendee huku napiga pasi.

Kwenye "Ain't No Sunshine" nikahesabu ile "I know" anayoirudia: mara 26! Mke wangu akadhani nahesabu madeni. Kumbe pale maneno yalikuwa bado. Alipanga kuyajazia baadaye, wenzake studio wakamwambia acha hivyo hivyo. Na siku hizo alikuwa bado mtu wa kiwandani, anatengeneza vyoo vya ndege.

Sasa, baada ya "Lean on Me", pale ninapozimaga, kunafuata "Grandma's Hands". Dakika mbili tu, Hamisi. Anamwimba bibi yake wa kule West Virginia, lakini anachoshika ni mikono peke yake: inapiga makofi kanisani, inauma na kuvimba, inamkingia mjukuu asichapwe. Nikamwona bibi yangu barazani anasuka ukili, kidole gumba kimechanika, kakifunga kitambaa, na kidole hicho hicho ndicho alichonifutia makamasi. Nilipozinduka, kola ya shati jeupe ilikuwa imeshaungua. Utotoni Withers alikuwa na kigugumizi. Mimi nahisi ndiyo maana hamwagi maneno ovyo.

Zile za kubembeleza za katikati zinanipita tu. Ninachonung'unikia ni kukosekana kwa "Hope She'll Be Happier", aliyoiimba Kinshasa 1974 kwenye tamasha lililofungamana na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, yeye na gitaa lake basi. Uwanja mzima ule, na mtu anaimba kama yuko chumbani kwake. Itafute video yake, uiangalie usiku watoto wakishalala.

Msalimie shemeji na wanangu. CD usiidai kwanza. Nitakuja nayo Desemba, na hela ya shati uiandae.

Wako,
Idi