Wanaoandika msimbo wa upande wa seva wahesabiwe kuwa wamefanya kazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo habari nyingi za elimu ya mtandaoni hulipita juujuu. Chuo kinapotangaza kwamba kimeanza kufundisha kwa njia ya mtandao, tunaelezwa idadi ya kozi, tunaonyeshwa picha ya ukurasa wa mbele wa mfumo na tunasomewa majina ya waliouzindua. Watu walioandika msimbo (maagizo ya programu) unaofanya kazi kwenye seva, kompyuta inayohudumia watumiaji wote, yaani ule unaopokea majibu ya mtihani, kuyahifadhi, kuyasahihisha na kuamua nani ana ruhusa ya kuona nini, hawatajwi. Mara nyingi hata chuo chenyewe hakiwajui, kwa kuwa mfumo kinaoutumia ni programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, iliyoandikwa na watu waliotawanyika duniani, baadhi yao wakiwa waajiriwa wa vyuo vingine vinavyoutumia mfumo uleule.

Mifumo yenyewe si migeni. Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, ilitoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2002. Open edX ilitokana na edX, jukwaa la kozi za mtandaoni ambalo vyuo vikuu vya Marekani vya MIT na Harvard vililianzisha mwaka 2012, na msimbo wake ukafunguliwa kwa umma mwaka uliofuata. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, ilikusudiwa wanafunzi wasio na intaneti ya uhakika. Mimi huandika msimbo wa upande wa seva katika mifumo ya aina hii, kwa hiyo nina maslahi katika hoja ninayoitoa, na msomaji ana haki ya kulipima hilo.

Chukua mfano wa ukurasa wa alama. Msimbo ulioandikwa bila uangalifu huiomba hifadhidata, yaani programu inayotunza kumbukumbu za mfumo, orodha ya wanafunzi, kisha hurudi kuomba alama za kila mmoja peke yake, hivyo darasa la wanafunzi 400 huzalisha maulizo 401 kila mwalimu anapofungua ukurasa huo. Katika majaribio yenye wanafunzi kumi hakuna anayeona tatizo, ila wiki ya mitihani ikifika seva inaelemewa na lawama zinaelekezwa kwenye intaneti. Marekebisho yake yanaweza kuwa mistari michache tu ya msimbo, inayoziomba alama zote kwa ulizo moja, na yakiingizwa katika mfumo mama, yaani programu ya asili inayopakuliwa na wote, kila taasisi itakayopakua toleo linalofuata itanufaika. Ugumu hauko katika kuiandika mistari hiyo, uko katika kujua ni mahali gani hasa pa kuigusa bila kuvunja kingine. Moodle, kwa mfano, hufanya kazi juu ya hifadhidata za aina zaidi ya moja, zikiwemo PostgreSQL, MariaDB na SQL Server, na ulizo linalokubalika kwenye moja linaweza kukataliwa na nyingine. Ndiyo maana badiliko lolote hupewa namba yake katika daftari la hadharani la mradi, likahakikiwa na mpangaprogramu mwingine, likapitishwa katika majaribio yanayojiendesha, na ndipo likaunganishwa. Kwa kazi hiyo ya mistari michache, majadiliano yanaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kolibri ina ugumu wa namna nyingine, ambao kwangu ndio unaovutia zaidi. Kifaa kimoja kinatumika mahali pasipo na mtandao, kingine kinatumika kwingine, na siku vinapokutana kumbukumbu za wanafunzi hazina budi kuunganishwa pasipo kupotea kitu. Ikiwa kila kifaa kinazipa kumbukumbu zake namba za mfululizo, mwanafunzi namba 7 wa huku atagongana na namba 7 wa kule. Kwa hiyo kila kumbukumbu hupewa kitambulisho kirefu kisichotarajiwa kujirudia popote, na kila kifaa hutunza hesabu ya mabadiliko ambayo kimekwisha kuyapokea, ili kisiombe tena kilicho nacho. Hakuna mwanafunzi atakayekisifu kitambulisho hicho, lakini bila hicho maendeleo yake ya masomo yangeweza kuandikwa juu ya ya mwenzake.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Taasisi nyingi zinazoitumia mifumo hii zina wapangaprogramu wao, nao hugundua kasoro na kuzitengeneza. Kinachofuata ndicho kinachosikitisha: kiraka, yaani marekebisho hayo, hubaki kwenye seva ya taasisi. Toleo jipya linapotoka kiraka hakiendani nalo, basi ama kinashonwa upya, ama taasisi inaahirisha kuboresha mfumo na kubaki na toleo lisilopokea tena marekebisho ya usalama. Wakati huohuo taasisi nyingine inahangaika na kasoro ileile. Sheria haisaidii sana hapa. Leseni ya GPL ambayo Moodle inaitumia haimlazimishi mtu anayeuendesha mfumo kwenye seva yake, bila kuusambaza, kutoa mabadiliko aliyoyafanya. Leseni ya AGPL, iliyotumika kwa sehemu kubwa ya Open edX, inamtaka aliyeubadilisha mfumo awape watumiaji wake wa mtandaoni nafasi ya kuupata msimbo huo, lakini hata hiyo haimlazimishi kuuandaa ukubalike katika mfumo mama. Kazi ya kuuandaa ni ya hiari, nayo inahitaji saa za kazi ambazo mpangaprogramu hapewi.

Wapo wasemao kwamba programu huria ni ya bure, hivyo hakuna sababu ya taasisi kuigharimia. Wakumbuke yaliyoipata edX. Mwaka 2021 iliuzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800 za Marekani, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Msimbo wa Open edX haukwenda na mauzo hayo. Ulibaki chini ya shirika lisilo la faida, na taasisi zilizokuwa zikiutumia ziliendelea kuutumia. Leseni iliulinda msimbo, lakini leseni haiwezi kurekebisha kasoro, na uhai wa mfumo unategemea watu wanaoendelea kuurekebisha.

Napendekeza basi kwamba mchango uliokubaliwa katika mfumo mama uingizwe katika tathmini ya kazi ya mpangaprogramu wa taasisi ya elimu, na atengewe muda rasmi wa kuufanya. Nisieleweke kwamba nataka mabadiliko yahesabiwe kwa idadi. Huo ungekuwa upuuzi, maana aliyesahihisha herufi katika maelezo angelingana na aliyezuia majibu mawili ya mtihani yaliyotumwa kwa wakati mmoja yasifutane. Mhakiki asome majadiliano yenyewe, ambayo kwa kawaida yako hadharani isipokuwa yale ya kasoro za usalama yanayofichwa hadi tiba ipatikane. Humo ataona mwandishi aliulizwa nini, alijibu nini, na alirudishwa mara ngapi kabla ya kukubaliwa. Sijui wasifu wa kazi gani mwingine unaoweza kukaguliwa kwa uwazi kiasi hicho.

Kwa gazeti lako nina ombi moja. Mwandishi wenu atakapohudhuria uzinduzi mwingine wa mfumo wa kujifunzia, tafadhali aulize mfumo huo umejengwa juu ya programu gani huria, na ni marekebisho yapi ambayo taasisi hiyo imeyarudisha huko.

Wako,
Mpangaprogramu wa mifumo ya elimu