Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: tuwahi kabla ya vuli, na watoto wadogo wa mialoni wasiachwe

Daktari, shikamoo.

Nakuandikia kutoka huku Igombe, kwenye mwalo, yani pale boti za wavuvi zinaposhusha samaki, mimi ni mama wa watoto watatu na nauza dagaa, kwaiyo ziwa naliona kutwa nzima na watoto wanaoingia humo nawaona pia. Kilichonifanya niandike ni kimoja: magonjwa ya watoto wetu yanafuata msimu lakini kinga inafuata ratiba za ofisini, na sahivi kiangazi kinaishia, vuli hiyo mwezi wa kumi inaingia, bado tuna nafasi ya kuwahi.

Nianze na kichocho maana hicho ndo chetu kabisa huku. Kiangazi visima vinakauka, bomba linatoka kwa mgao, basi watoto wanatumwa ziwani na madumu, na mtoto akifika ziwani hachoti tu akaondoka, ataoga, atafua, atacheza kwenye yale majani ya pembeni ambako konokono ndo wamejaa, tena jua kali la mchana ndo wale wadudu wa kichocho wanatoka kwa wingi kwenye konokono na kuingia majini, wala hahitaji kunywa maji, wanapenya kwenye ngozi tu. Alafu wazazi wengi tunasubiri kuona damu kwenye mkojo ndo tuseme ni kichocho, wakati hiki cha ufukweni kinashambulia utumbo na ini, mtoto analalamika tumbo, saa zingine anapata choo chenye damu, anadhoofika, darasani anasinzia, na mtaani utaambiwa ni minyoo ya kawaida au kuna mtu kamchezea.

Dawa zinazotolewa shuleni tunashukuru kwa kweli, walimu wanawapima watoto urefu kwa ile fimbo kujua dozi, wanawapa praziquantel, dawa ya kichocho, na inasaidia. Ila Daktari, yule wa miaka mitatu anayebebwa mgongoni na dada yake mpaka majini hayupo shuleni. Na yule anayehama kambi na baba yake kufuata dagaa, leo yupo huku kesho yupo kisiwani, naye siku ya dawa hayupo. Shirika la Afya Duniani tangu 2022 limeshasema kwenye maeneo yenye kichocho watoto wapewe dawa kuanzia miaka 2, na sasa hivi kuna dawa ya kichocho iliyotengenezwa kwa ajili ya wadogo, wa miezi 3 mpaka miaka 6, inayeyuka kwenye maji na haina ule uchungu wa kumfanya mtoto ateme. Naomba mkoa wetu upiganie hiyo dawa ifike mialoni, sio iishie mjini. Sisi ndo tunaishi na hilo ziwa.

Na dawa peke yake haitoshi, hilo unalijua kuliko mimi. Inaua minyoo ya kichocho iliyokomaa, ile ambayo haijakomaa inabaki, na kesho yake mtoto karudi majini. Mayai yanatoka na choo cha binadamu yanaingia ziwani yanamkuta konokono, sasa mwalo wenye mamia ya watu na choo hakuna, au kipo kimefungwa kufuli, hapo tunatibu na kuambukiza siku hiyohiyo. Choo cha mwaloni kiwe ajenda yako pia, usiwaachie BMU (kile kikundi cha kusimamia mwalo) na mtendaji peke yao. Hata hili dogo la kuwaelimisha akina mama kwamba maji ya ziwa yakikaa kwenye pipa siku 2 wale wadudu wa kichocho wanakuwa wameshakufa, kwaiyo ni salama zaidi kumwogeshea mtoto (ya kunywa bado yachemshwe), nani anapita kulisema? Na huyuhuyu anayetumwa maji ndo anayezama. Mtoto wa miaka minne hatakiwi kuwa pembeni ya ziwa bila mtu mzima, lakini mama yupo kwenye vichanja anaanika, kwaiyo tunaomba sehemu ya kuwaacha wadogo hapohapo mwaloni, hata banda lenye uzio na mama mmoja anayelipwa kuwaangalia.

Mvua ikianza mambo yanageuka. Kule Mabatini mto Mirongo unafurika unaingia majumbani na uchafu wote, vyoo vinajaa, watoto wanaharisha. ORS (ile chumvi ya kuchanganya na maji) na vidonge vya zinki vinaokoa, ila kuna msimu nilienda zahanati moja wakaniambia zinki imeisha, kanunue, na hiyo ilikuwa katikati ya mvua, yani wakati ndo inahitajika. Iagizwe mapema, na wahudumu watukumbushe kwamba zinki ni siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekata, maana wengi siku ya tatu tunaacha. Vyandarua hivyohivyo, vije kabla ya mbu sio baada ya wodi kujaa.

Kingine ni nimonia, huku kwetu kwenye moshi wa jikoni na upepo wa ziwa inasumbua. Kila mama afundishwe kuhesabu pumzi akiwa na simu yake tu: mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akivuta 50 au zaidi kwa dakika, na wa mwaka 1 mpaka 5 akivuta 40 au zaidi, aende hospitali leo sio kesho.

Ombi langu Daktari, kabla mvua haijakolea leteni kliniki mwaloni kwa siku moja tu, dawa ya kichocho kwa wasio shuleni, chanjo kwa waliopitwa, zinki na vyandarua. Watoto tutawakusanya wenyewe, hilo nakuahidi. Ila msije wiki ya giza, njooni wakati wa mbalamwezi maana dagaa hawavuliwi na baba zao wanakuwepo nyumbani.

Mama muuza dagaa, Igombe