Biva hali samaki, mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako na za bibi zimenifika. Huku Minnesota, Marekani, tu wazima, ila baridi imeanza kubisha hodi.

Umeuliza biva, yule mnyama mgugunaji wa huku anayeziba mito kwa bwawa la vijiti, anakula samaki gani. Hali samaki hata mmoja, mama. Anasingiziwa tu kwa kuwa anaishi majini. Chakula chake ni mimea tupu, na hata mti anaouangusha hauli wote. Anachotaka hasa ni ule utando laini ulio kati ya gome na mbao. Hushika kijiti kwa mikono miwili na kukizungusha kama wewe na hindi la kuchoma, meno yakikwangua hadi kibaki cheupe. Hicho nacho hakitupi, anakwenda kukichomeka kwenye bwawa lake.

Wakati wa joto hula zaidi majani, nyasi na mizizi minene ya mayungiyungi. Kazi iko kabla ya baridi, maana ziwa likiganda hana pa kutokea. Basi huangusha miti ya aspeni na mierebi, anayoipenda kuliko yote, akaburuta matawi na kuyazamisha karibu na nyumba yake. Juu ya rundo mara nyingi huweka matawi ya alda, mti asioupenda sana. Barafu hunasa yale ya juu, na matamu yanabaki chini, hayanasi. Nani kamfundisha?

Mlango wa nyumba yake uko chini ya maji, kwa hiyo hupiga mbizi chini ya barafu, akachukua tawi na kurudi kula ndani. Midomo yake hufunga nyuma ya meno ya mbele, ndiyo maana anaweza kukata tawi akiwa amezama bila kumeza maji.

Wapo wanaomlaumu kwamba anamaliza miti. Mwerebi uliokatwa huchipua tena shinani, na aspeni huchipua kutoka mizizini. Ila akikukatia mtofaa wa uani, hasira ni haki yako. Watu huku huzungushia mashina wavu wa waya.

Jambo moja usimwambie bibi akiwa mezani: gome ni gumu kumeng'enywa, kwa hiyo biva hula kinyesi chake laini ili chakula kipite tumboni mara ya pili. Sungura naye hufanya hivyohivyo.

Nisalimie wote.

Baba yako