Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu makaburini

Ndugu wanachama, salamu kwenu nyote. Hesabu za pesa mtazipata kwa mhazini, mimi naongelea kazi yenyewe ya kutafuta makaburi ya ndugu zetu, maana mwaka huu tumejifunza mengi na mengine tumejifunza kwa kuumia.

La kwanza ni karatasi. Zamani tulikuwa tunafika tu makaburini na kuanza kuzunguka jiwe kwa jiwe, jua linachoma, jioni watu wanarudi miguu imevimba na hakuna walichopata. Sa hivi tunaanza na rejista ya mazishi, iwe ya kanisa au ya ofisi inayosimamia makaburi, tunatafuta namba ya ploti na ramani ya zamani kama ipo, ndo tunaenda. Kuna mama mmoja mwenzetu alimtafuta bibi yake mzaa baba miaka na miaka kwa jina la ukoo aliozaliwa, kumbe kwenye rejista kaandikwa kwa jina la mume, tena karani kaliandika alivyolisikia, herufi mbili si zenyewe. Tulipolisoma kwa sauti ndo likatoka. Kwa hiyo jamani majina ya rejista yasomeni kwa sauti, macho peke yake hayatoshi.

Tarehe nazo zimetusumbua. Mwenzetu mmoja alikuta jiwe limeandikwa 1300 Hijria, akajumlisha 622, mwaka ambao kalenda hiyo ya Kiislamu inaanzia, akapata 1922, akapekua rejista za mwaka huo mpaka akakata tamaa. Mwaka wa Hijria unafuata mwezi, ni mfupi kama siku 11 hivi kuliko wa kawaida, kwa hiyo tofauti inazidi kupungua kila karne na hesabu ya kujumlisha tu haifai. Mwaka 1300 Hijria ulianza Novemba 1882. Yaani alipishana na babu yake kwa miaka 40.

Sasa lililoniuma zaidi, na nalisema bila kumtaja mtu. Tumeharibu jiwe. Lilikuwa la marumaru, mmoja wetu kwa nia njema kabisa akalisugua kwa brashi ya waya na klorini ili maandishi yaonekane, siku ile likang'aa kweli, ila tuliporudi baada ya mvua uso wake ulikuwa unamomonyoka vidoleni kama sukari. Marumaru asili yake ni chokaa, tayari mvua yenye asidi inaila kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, ukiongezea waya umeimaliza. Na vile vya kupaka ili herufi zionekane, sio povu la kunyolea, sio unga, sio chaki, hivyo vyote viacheni. Maji safi na brashi laini, tena kwa ruhusa, na jiwe likiwa linabanduka usiliguse kabisa.

Mnachohitaji ni kioo. Jioni moja tulipiga magoti mbele ya jiwe ambalo kila mtu alishasema ni tupu, kijana mmoja akasimama pembeni na kioo cha kujitazamia akalielekeza jua lipite kwa ubavu juu ya jiwe, na herufi zikaanza kujitokeza moja moja, kwanza jina, halafu mwaka. Mwanzoni tuliandika 1891, kumbe ile ya mwisho ilikuwa 7, mstari wake wa juu umebaki kama mkwaruzo tu. Binti wa ukoo ule alikaa chini hakusema kitu muda mrefu, na sisi tukanyamaza naye.

Pasipo na jiwe bado kuna dalili. Angalieni ardhi iliyobonyea kwa urefu wa mtu, angalieni safu zinaelekea wapi. Waislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia wakielekea kibla, na makaburi mengi ya zamani ya Wakristo kichwa kiko magharibi. Wenye ndugu waliozikwa Ujerumani wajue kwamba kule ploti mara nyingi ni ya kukodi kwa muda, ukiisha bila kulipiwa tena jiwe linaondolewa na anazikwa mwingine, sasa hapo rejista ndo kila kitu.

Wanaotafuta waliokufa vitani waanze na orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917, inatafutika bure kwenye intaneti. Ila usipomkuta mtu wako usiseme hakuwepo. Ripoti ya tume yenyewe ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa Vita Kuu ya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni Waafrika. Hao ni babu za watu, na baadhi yenu humu mnajua habari zao kwa kusimuliwa tu nyumbani, basi yaandikeni hayo masimulizi mwaka huu huu wakati wazee bado wapo.

Picha ambazo hamjatuma mzitume, picha moja ya jiwe lenyewe na nyingine ya mbali inayoonyesha majirani zake, maana ndugu walizikwa karibu karibu. Fomu ziko kwa katibu. Yule mama bado anatafuta ploti ya bibi yake, namba tunayo, safu ndo haijajulikana, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunarudi naye, wenye nafasi tuje na vioo.