Malalamiko kuhusu silinda ya pikipiki iliyochongwa kinyume na makubaliano

Meneja,
Karakana ya Kuchonga Injini,
Tanga.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa pikipiki ya zamani aina ya Yamaha DT 175, yenye injini ya mipigo miwili, niliyoileta katika karakana yenu ili iongezewe nguvu. Ninalalamika kwa sababu mlichonga sehemu ya silinda ambayo sikuagiza iguswe, na chuma kikishaondolewa hakirudi.

Maelekezo yangu kwenye fomu yenu ya kazi yalikuwa wazi. Nilihitaji nguvu ya kuvuta mzigo katika mwendo wa kati, kwa kuwa pikipiki hii hupanda kutoka Mombo hadi Lushoto ikiwa na magunia, wala sikuomba mbio. Tulikubaliana mpunguze kidogo uso wa silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) huku mkiacha nafasi ya takriban milimita 1 kati ya ukingo wake na pistoni, mfunge pistoni na ringi mpya (pete zinazoizunguka pistoni), muondoe masizi kwenye matundu ya silinda na ekzosi, kisha mrekebishe jeti kuu ya kabureta, yaani kitundu kinachopima petroli inayoingia.

Badala yake, fundi wenu alipandisha ukingo wa juu wa tundu la kutolea moshi na kulipanua hadi milimita 48, ilhali kipenyo cha silinda ni milimita 66. Mafundi wa injini za aina hii hawavuki asilimia 70 ya kipenyo kwa tundu lisilo na nguzo katikati, yaani milimita 46 hivi, na kwa pikipiki ya kazi za kila siku hubaki chini ya hapo, kwa sababu ringi ikipita kwenye uwazi mpana mno hutuna na kugonga ukingo. Ndivyo ilivyotokea: ringi ya juu ilikatika na kipande chake kikachimba mfereji kwenye ukuta wa silinda. Nilipofungua injini na kupitisha kidole kwenye tundu, nilikuta makali yaliyoachwa na kifaa cha kuchongea yakiwa vilevile, hayajalainishwa hata kidogo.

Hata kabla ya ringi kukatika, pikipiki ilikuwa imepoteza nguvu niliyoifuata kwenu. Katika injini hii pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga tundu la moshi; likipandishwa, gesi iliyowaka hutoka mapema kabla haijamaliza kusukuma, na faida huonekana injini inapozunguka kwa kasi kubwa tu. Faida hiyo nayo hutegemea ekzosi, kwa kuwa urefu na umbo lake ndivyo huamua wakati ambao wimbi la mgandamizo linarudi kuzuia mchanganyiko mpya wa petroli na hewa usitoroke. Ekzosi mliiacha ileile ya kiwandani. Jeti nayo haikubadilishwa, na plagi ilitoka nyeupe, dalili ya mchanganyiko wenye petroli pungufu unaoweza kuyeyusha kichwa cha pistoni.

Nilipolalamika kwa mdomo nilijibiwa kwamba injini imezeeka. Sikubaliani na jibu hilo. Uzee haupanui tundu, na silinda ilipimwa na fundi wenu mwenyewe siku ya kuipokea. Vipimo vyake vimo kwenye fomu ileile.

Kwa hiyo ninaomba mnirudishie gharama zote za uchongaji, na mvishe silinda hiyo slivu mpya (bomba la chuma la ndani ya silinda) yenye matundu ya vipimo vya kiwandani, au mnipatie silinda nyingine iliyo nzima, pamoja na pistoni na ringi zake. Naomba pia mniandikie ni nani aliyeidhinisha tundu hilo kuchongwa bila mimi kuulizwa. Silinda, vipande vya ringi na nakala ya fomu ninavyo, na fundi wenu anakaribishwa kuvipima mbele yangu.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha suala hili Tume ya Ushindani kama mlaji.

Wenu,
Mteja, Lushoto.