Mjomba, ile bilauri ya jioni si dawa ya moyo

Shikamoo Mjomba,

Jumapili nilinyamaza kwa sababu watoto walikuwa mezani. Uliijaza waini ya Dodoma ile bilauri ya maji mpaka juu, ukasema, "Hii ndiyo inayolinda moyo wangu." Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa najua wenye imani hiyo mko wengi.

Kwanza, hukuzua. Mimi nashinda maabara na damu za watu. Ukiiweka kwenye kichupa cha kifuniko cha buluu, ukaizungusha kwenye mashine, chembe nyekundu huzama, juu ikabaki plazma ya manjano mfano wa chai ya rangi iliyokolea kidogo tu. Humo ndimo ilimo fibrinojeni, protini inayogeuka nyuzi damu inapoganda. Kwa anayekunywa kwa kiasi, fibrinojeni hushuka kidogo. Apolipoprotini A1, inayobeba ile kolesteroli nzuri, hupanda. Mwaka 1999 watafiti walijumlisha majaribio mengi wakakuta gramu 30 za alkoholi kwa siku zinapandisha kolesteroli hiyo kwa kama miligramu 4 kwa desilita. Gramu 30 ni bia moja na nusu ya chupa kubwa, au hiyo bilauri yako.

Lakini kipimo kupendeza ni kitu kimoja, moyo kupona ni kingine. Kampuni ya Pfizer ilikuwa na dawa, torcetrapib, iliyopandisha kolesteroli nzuri kwa zaidi ya asilimia 70. Desemba 2006 jaribio lake lilisitishwa: waliopewa dawa hiyo walikuwa wanakufa zaidi kuliko wasiopewa. Jambo hilo halinitoki kichwani kila ninapoandika majibu ya mgonjwa.

Na zile habari kwamba wanywaji wa kiasi huugua moyo kidogo kuliko wasiokunywa kabisa? Miongoni mwa hao wasiokunywa wamo walioacha kwa sababu walikwisha kuugua. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 260,000, ukiangalia waliozaliwa na jeni inayofanya pombe isiwakae vizuri mwilini, hivyo hunywa kidogo. Presha yao ilikuwa chini na moyo wao salama zaidi, hata ukilinganisha wanywaji wa kiasi wao kwa wao.

Presha, Mjomba. Hapo ndipo penye shida yako, na pombe huipandisha. Nilipofungua kabati kutafuta sahani nilikuta paketi ya vidonge vyako nyuma ya birika, ina vumbi, imekatwa vidonge vitatu tu. Shangazi akaniambia umeviacha tangu ulipoanza waini. Sikulala vizuri usiku ule. Babu alianguka kwa kiharusi akiwa na umri kama wako, na wewe ndiye uliyembeba mpaka kwenye gari.

Jumamosi nakuja na mashine ya presha. Usionje pombe kabla sijafika, na hiyo paketi itoe nyuma ya birika. Tukimaliza kupima, twende wote kwa daktari wako akuanzishie upya.

Mpwa wako