Barua kwa mwanangu kabla hajaenda Maskati

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Tiketi ya Maskati umeshakata, na habari nimezipata kwa shangazi yako. Haya. Viza umeitafuta mwenyewe, hukumsumbua mtu, na hapa Wete kila anayeniuliza namwambia hivyo.

Nakuuliza tena: madeni yako umeyaandika? Juzi kwenye simu ulisema, "Mama, uchuro huo!" Mauti hayaji kwa kutajwa. Ingekuwa hivyo, bibi yako asingekufa, maana hata jina la mauti hakutaka kulisikia.

Ya meli ya Spice Islander, ilivyozama Septemba 2011, unayajua, sikusimulii. Nakukumbusha msiba wa jirani tu. Mwili haukuonekana, na kabla hitima haijasomwa watu wamejaa barazani wanadai: huyu laki tatu, yule baiskeli. Mjane yumo edani, miezi 4 na siku 10, atatoka vipi akaulize? Wengine walidai haki yao, wengine Mungu ndiye ajuaye. Deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi, basi watoto wakakaa wanalitazama shamba tu.

Wewe fundi wa pikipiki anakudai. Najua, kwa sababu kanipigia mimi.

Sanda yangu uliiona kabatini ukanuna siku nzima. Ipo bado, mashuka matano, na kafuri lake kwenye mfuko. Nikiifungua nikaikunja upya nalala vizuri, maana hakuna atakayegonga maduka usiku kwa ajili yangu. Nyinyi vijana mwadhani kifo ni cha wazee. Pita makaburini uyatazame yale mafupi mafupi.

Andika na wasia. Theluthi ndiyo uwezayo kuwausia wasiokurithi, isizidi. Na useme, ikikufika huko, uzikwe huko huko, upesi. Usiache watu wanachangishana nauli ya jeneza. Mimi nitakulilia hapa hapa, dua inafika.

Lakini madeni kwanza. Andika na wanaodaiwa na wewe, hata mjomba wako. Yeye hasa.

Karafuu za juu bado, mpandaji anataka pesa mbele. Jana mvua imetukuta zimeanikwa, tumeyakokota majamvi mpaka ukumbini, na makonyo yamelowa yote. Mbuzi kazaa, mmoja kafa.

Karatasi hiyo usinitumie kwa simu. Mpe shangazi yako mkononi kabla hujaondoka, naye aisome mbele yako.

Mamako